Mkaguzi wa Mabanda ya Mtinko

Antipasi alikuwa na ulimi wa kumuuzia mtu mvua wakati wa masika, lakini kuku hakuwa na hata mmoja. Sasa ni shetani gani alimtuma kumwambia mkwe wake mtarajiwa, Mzee Calist wa Mandewa, kwamba ana shamba kubwa la kuku? Tena akaongeza kwamba kitoweo cha sendofu ya mchumba wake Loyce, sherehe ya kumuaga kwao, kitatoka huko, kuku ishirini wa kienyeji.

"Wakipungua ishirini, baba," mzee alimjibu, "binti yangu haendi popote."

Sendofu ilikuwa Jumamosi. Jumatatu, kwenye kijiwe cha bodaboda, Antipasi aliwasikia akina mama wa Mtinko wakilia kwamba mafua yanawamaliza kuku wao. Akili ikachemka hapo hapo. Saa nne aliingia Mtinko kwa pikipiki ya kuazima, koti jeupe mwilini, futi ya fundi cherehani shingoni, matenga mawili nyuma. Ndugu msomaji, nchi hii ukivaa koti jeupe na kushika karatasi, hata mbwa wanakupisha.

"Mkaguzi wa makazi ya mifugo!" alitangaza. "Kuku naye ana haki ya kupumua!"

Akawa anapima, anakunja midomo, anaguna. "Mama, banda halina dirisha! Kuku wamebanana kama alizeti guniani. Mmoja lazima ahamishwe, la sivyo mafua yatabeba wote."

Nani apoteze wote kwa ajili ya mmoja? Kaya kumi na tisa, kuku kumi na tisa tengani. Antipasi akawa anaimba kimoyomoyo.

Kaya ya ishirini ilikuwa ya mama mmoja mjane, Marietha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukague."

Lahaula! Banda lilikuwa na dirisha la wavu, vichanja vya kulalia, majivu sakafuni, limefagiliwa kuliko chumba cha Antipasi. Alitafuta kosa, hakuliona.

"Zuri, mama, ila hewa... haitoshi."

"Umeipimaje ukiwa umesimama? Bwana mifugo wetu hukagua kwa pua ya kuku. Anaingia, anachuchumaa, ananusa pale kuku anapolala. Kwani wewe ulisomea wapi?"

Kukataa kungekuwa kujianika, na kuku wa ishirini alikuwa hatua tatu tu mbele yake. Antipasi akatambaa kuingia. Nyuma yake komeo likalia kwa!

"Mama, mlango umejifunga!"

"Haujajifunga, baba. Nimeufunga mimi."

Marietha akaita majirani, akavaa miwani, akaokota karatasi ya ukaguzi aliyoiacha Antipasi mlangoni.

"'Nafasi ya kugeuka.' Mathayo, hebu chungulia. Anageuka?"

"Hageuki. Kichwa kimekwama kwenye kichanja."

"'Dalili za woga.'"

"Anatetemeka kabisa!"

"'Kelele zisizo za kawaida.'"

Simu ikalia mfukoni mwa Antipasi. Akapapasa gizani, akabonyeza ovyo, spika ikafunguka.

"Antipasi mpenzi," sauti ikasikika mpaka uani, "baba anauliza, kuku wako wapo tayari?"

Marietha akashusha miwani. "Loyce? Loyce wa kaka yangu Calist?"

 Sauti ndogo ikatoka bandani, "Shikamoo, shangazi."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Antipasi hakucheka. Alikuwa anamwona Loyce akiondoka hivi hivi.

"Nampenda, shangazi. Shamba sina. Sijawahi kumiliki hata yai."

Marietha alifikiri. "Umetudanganya, lakini mabanda kumi na tisa kweli hayana madirisha. Kila banda ulilolilaumu, utalitoboa dirisha. Ukimaliza, kuku wa banda hilo ni ujira wako. Majirani, mnasemaje?"

"Atoboe!"

Alitoboa siku nne, viganja vikachubuka, koti jeupe likawa rangi ya udongo.

Jumamosi, mbele ya wageni wote, Mzee Calist alihesabu kuku matengani kwa kidole. "Kumi na tisa. Mimi nilisema ishirini."

Antipasi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, hapakutoka neno. Loyce akainamisha kichwa.

Shangazi Marietha akainuka, akachukua maiki. "Kaka, hesabu imetimia. Wa ishirini nilimkamata mwenyewe, bandani kwangu. Jogoo wa kelele sana. Huyo hapo, mmemvika suti."