Kifungu cha Kumi na Nne

Leo nimeaibika, tena kwa maandishi niliyoyatia sahihi mwenyewe.

Mnaonifahamu mnajua kwamba katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha, hapa Rusumo, mimi ndiye niliyetunga Mwongozo wa Matumizi ya Akili Mnemba. Vifungu tisa. Nilivichapisha, nikavitia kwenye fremu, nikavitundika ukutani juu ya kiti changu. (Nilipima kwa rula visikae upande.) Cha tatu kinakataza kutoa andiko la mashine kabla ya kulisoma. Cha nne kinakataza kuipa mashine siri za mtu.

Mwezi uliopita karani wetu, Editha, alivunja cha tatu. Aliiachia mashine iandike maelezo ya lori la ndizi kutoka Mbuba, nayo ikaandika kuwa ni miche ya migomba. Lori likazuiwa mpakani siku kadhaa. Ndizi ziliiva, zikaoza, na wakulima wakaja kutuuliza kama huku ofisini kuna anayejua kusoma. Nikapendekeza Editha afukuzwe. Kikao kimeketi leo asubuhi.

Mashtaka niliyaandaa jana. Nilikuwa nimechoka (ndivyo alivyojitetea Editha, nami nikakiita kisingizio), basi nikaiagiza mashine iyaandike, tena kwa ukali. Nikatia sahihi.

Kwetu mtuhumiwa husoma mashtaka yake mwenyewe, akiwa amesimama, kwa sauti. Utaratibu huo pia niliuanzisha mimi, ili aibu imfundishe mtu. Wajumbe walikuwa mkurugenzi wetu, Mama Leokadia, ambaye hata mimi humwamkia shikamoo, na mzee Zakayo, dereva anayewawakilisha wafanyakazi. Editha akasoma. Alipofika mahali pasemapo kwamba amevunja kifungu cha kumi na nne, akaishusha karatasi. Akainua macho, akatazama ukuta juu ya kichwa changu.

"Mzee," akaniambia taratibu, "hapo viko tisa."

Zakayo akavaa miwani, akavihesabu kwa kidole kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. "Tisa," akathibitisha. "Labda vingine Paroko anavyo nyumbani."

(Paroko ndilo jina langu nisipokuwepo. Leo nilikuwepo.)

Nikasema ni kosa la uchapaji. Editha akaendelea kusoma. Aya iliyofuata ilieleza ugonjwa wa mama yake, jambo aliloniambia mimi peke yangu, nami nikaliingiza kwenye mashine pamoja na jina lake ili ielewe kisa chote. Editha akanigeukia.

"Hili nalo umeiambia mashine?"

Hapo hakuna aliyecheka, hata Zakayo. Ningeshukuru kama wangecheka.

Mama Leokadia akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili. "Tukimfukuza huyu kwa kutosoma, wewe tukutoe kwa mlango upi?"

Editha amebaki kazini. Onyo la maandishi nimepewa mimi, na nimelisoma mwenyewe, nimesimama, kwa sauti. Kuanzia kesho hakuna andiko la mashine litakalotoka bila kusomwa na watu wawili. Msomaji wa pili wa maandiko yangu ni Editha. Hicho ndicho kifungu cha kumi. Zakayo alipigilia misumari, mimi nikashika ngazi.

Ukipita Rusumo ukaingia ofisini kwetu, naomba uvihesabu kimoyomoyo.