Hoja Zangu Dhidi ya Shemeji

Jumanne, 4 Machi

Vita vimeanza. Mama Magodoro, tajiri wetu, anafungua tawi la pili la duka na anatafuta msimamizi. Tumebaki wawili. Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja kwenye magodoro. Na shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu, mwenye miaka miwili tu. Wateja wanamwita Asali. Mimi miaka yote hiyo hakuna aliyenipa hata jina la mboga.

Na nani alimwingiza dukani? Mimi. Kwa mdomo wangu huu huu. Ningekuwa na akili ningemwombea kazi duka la jirani.

Mama Magodoro anasema msimamizi lazima ajue kuzungumza na watu. Basi ametuandikisha sote wawili darasa la kuzungumza hadharani, vipindi vitano, kila Jumanne na Alhamisi jioni. Siku ya mwisho atakuja mwenyewe kusikiliza, kisha ataamua. Nimefurahi sana. Kuzungumza ndiyo fani yangu! Mke wangu anasema kusema sana na kusema vizuri ni vitu viwili tofauti. Nikamuuliza yuko upande wa nani. Akasema yuko upande wa sufuria iliyoko motoni, isiungue.

Alhamisi, 6 Machi

Kipindi cha kwanza. Darasa liko ghorofani, juu ya shule ya udereva, na kuta zimejaa picha za alama za barabarani. Msemaji anasimama kwenye kijukwaa cha mbao chini ya alama isemayo Usipige Honi. Wanafunzi tuko kumi. Mwalimu ni wakili mstaafu, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, na mezani kwake kuna kengele ya baiskeli. Hoja ikiwa mbovu, anaipiga. Hasemi kitu. Krring. Wewe mwenyewe utafute ulipokosea.

Nikajitolea kuanza. Nikasema mimi ni muuzaji bora kwa sababu kila mtu anajua hivyo. Krring. Nikasema basi muulizeni mke wangu. Krring. Nikasema wanaonipinga ni wavivu na wana wivu. Krring! Hapo Mwalimu akaeleza kwamba nimemshambulia mtu nikaacha hoja yake. Jumla nimepigiwa mara saba, na nilizungumza dakika mbili.

Asali akapanda baada yangu. Akasema hajui kama yeye ni muuzaji bora, ila anajua jambo moja alilojifunza kwa wateja, nalo ni kuuliza kabla ya kujibu. Kengele kimya. Kimya kabisa! Nilidhani imeharibika. Wakati wa mapumziko nikaenda kuijaribu. Inafanya kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya mazoezi stoo, nikiwahutubia magodoro ya sponji yaliyopangwa mpaka darini. Hadhira tulivu. Nilikuwa nimefika sehemu ya kunyoosha mkono juu nilipomwona dereva wa pikapu mlangoni, amekuja kupakia mzigo. Akaniuliza kama wameshajibu. Kisha akacheka kile kicheko chake mpaka akashika ukuta. Sijaona cha kuchekesha.

Nyumbani nikajaribu mbinu mpya kwa mke wangu. Nikamwambia jana nilikula mapema na nikalala vizuri, kwa hiyo chakula kiwe kinaiva mapema kila siku. Akagonga glasi kwa kijiko. Ting. Kumbe Asali alipita hapa mchana akamsimulia habari za kengele. Sasa hata kwangu sina pa kupumulia.

Jumanne, 11 Machi

Mara nne tu leo. Maendeleo! Asali sifuri. Muuguzi anayekaa safu ya mbele alimwambia Asali kwamba sauti yake inatuliza. Inatuliza nini? Hata pangaboi la darini lina sauti hiyo hiyo na hakuna anayelisifu.

Roho inaniuma, nasema ukweli. Nikimwona anavyoinamisha kichwa akisikiliza watu, natamani nami niiname, lakini nikiinama mimi watu huniuliza kama shingo ina tatizo.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata wazo! Dukani kuna sanduku la maoni ya wateja ambalo halijapata barua tangu mwaka juzi. Leo limepata. Nimeandika hivi:

“Kijana wenu Asali aliniuzia godoro mwezi uliopita. Tangu siku hiyo mgongo unaniuma, kuku wangu wawili wamekufa na jirani yangu mwema amehama. Kila mtu anajua wenye sauti laini ni waongo. Ila yule mfanyakazi wenu wa miaka mingi, wa urefu wa wastani, ni mtu safi sana. Ni mimi, Mteja Mwenye Uchungu.”

Sehemu ya mwisho nimeiweka ili barua isionekane ina upendeleo. Usawa ni muhimu.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui nianzie wapi. Mama Magodoro alifungua sanduku asubuhi, akaisoma barua, asijue la kufanya. Akampelekea Mwalimu, akamwomba wanafunzi wamshauri namna ya kuijibu. Mwalimu akaisoma kwa sauti mbele ya darasa zima! Barua yangu!

Kwenye kuku, krring. Jambo kutokea baada ya jingine, akasema, hakuthibitishi kwamba la kwanza ndilo lililoleta la pili. Kwenye jirani aliyehama, krring. Kwenye sauti laini, krring ndefu. Muuguzi alicheka mpaka akaomba maji. Alipofika kwa yule wa urefu wa wastani, Mwalimu akaiweka barua mezani, akauliza darasa: nani anafaidika na maneno haya? Nikanyoosha mkono upesi nikasema mwandishi anaonekana ni mtu aliyesoma. Kengele.

Asali akaomba aione. Akaishika kwa muda mrefu sana. Akanitazama. Akairudia barua. Akaikunja taratibu, akasimama.

“Aliyeandika hii ana maumivu kweli,” akasema. “Labda si ya mgongo. Mimi ningemjibu kwa upole, nimuulize tunaweza kumsaidia nini.”

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akaandika maneno yale ubaoni. Yaani barua niandike mimi, makofi apigiwe yeye!

Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu ananiambia Asali amemuuliza kama bado anazo barua nilizomwandikia enzi za uchumba. Amempa mbili akazitazame. Za nini? Bila shaka anataka kuiga mtindo wangu. Mke wangu akaniangalia kwa namna fulani, akasema herufi yangu ya “k” siku zote imekuwa kama inapiga teke. Nikamshukuru.

Jumanne, 18 Machi

Balaa! Mwalimu ametangaza utaratibu wa siku ya mwisho. Hakuna atakayejisemea. Kila mtu atamtetea mwenzake. Kujisifu, anasema, hakuhitaji darasa. Lazima utoe sababu tatu, kila moja na ushahidi wake, kisha utaje udhaifu mmoja wa unayemtetea na uujibu kwa haki. Atakayeshinda atapewa cheti na ile kengele, maana ameshanunua nyingine.

Nimepangwa pamoja na Asali. Mimi nimtetee yeye, yeye anitetee mimi, mbele ya Mama Magodoro.

Jumatano, 19 Machi

Nimekaa na kufikiri. Mpango upo. Nitamsifu, lakini kwa sababu za kulaza watu usingizi. Moja, ni msafi. Mbili, anawahi kazini. Tatu, ana kitana chake mwenyewe. Mama Magodoro atapiga miayo, mimi nitashuka nikiwa nimetimiza sharti. Udhaifu nitakaoutaja: miaka miwili tu ya kazi. Nitautaja polepole. Mara mbili.

Nikamsomea mke wangu. Akaniuliza itakuwaje ikiwa mdogo wake atanisifu kwa dhati. Nikamwambia hawezi, hakuna mtu mjinga kiasi hicho. Hakugonga glasi. Akaondoka tu kwenda kukunja nguo.

Alhamisi, 20 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Mama Magodoro alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani. Asali akaitwa kwanza. Akapanda kijukwaani, akasema sababu zake tatu, na ya tatu aliisema akinitazama mimi.

“Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na viatu vilivyotoboka,” akasema. “Shemeji alivua vyake akanipa. Yeye akashinda siku nzima na ndala, akawaambia wateja miguu imemvimba. Hajawahi kuitaja siku hiyo. Ana kelele nyingi, huo ndio udhaifu wake, lakini mema yake huyafanya kimya.”

Muuguzi akafuta macho. Mama Magodoro akavua miwani. Mke wangu, ambaye sikujua kama amekuja, alikuwa amesimama mlangoni na kanga mdomoni. Makofi yakaanza. Nikatazama saa ya ukutani. Sekunde arobaini! Kwa viatu VYANGU! Viatu nitoe mimi, makofi ale yeye!

Nikashika karatasi yangu ya kitana mfukoni, nikaikunja mpaka ikawa punje. Hapana. Kama ni kusifu, basi leo atanijua. Hakuna atakayenishinda kumsifu mtu mbele ya hadhara, hata kama mtu mwenyewe ni yeye.

Nikapanda. Nikasema Asali anasikiliza. Ushahidi: yule mzee aliyekuja kununua godoro la springi la bei ya juu kwa ajili ya mgongo wa mkewe. Mimi nilikuwa nimeshashika kitabu cha risiti. Asali akamuuliza kitanda chao kikoje, akagundua chaga mbili zimevunjika, akamwambia akaweke chaga mpya, asinunue kitu. Nilimnunia wiki nzima. Mwezi uliofuata mzee alileta watoto wake wanne, wote wakanunua.

Nikasema Asali ni mkweli. Nikatoa ushahidi. Nikasema anabeba lawama zisizo zake, ushahidi nikatoa mwingine, siku niliyopeleka mzigo nyumba isiyo ya mteja naye akaenda kuomba radhi. Sauti ilinitoka mpaka nikaisikia ikigonga alama za barabarani. Nikafika kwenye udhaifu.

“Mtasema ana miaka miwili tu,” nikasema. “Kweli. Mimi nina kumi na mmoja, na mteja akiniuliza swali gumu, namwita yeye.”

Kengele kimya. Kimya mwanzo hadi mwisho! Kisha watu wakasimama. Nikatazama saa. Sekunde hamsini na tano. Nimemshinda kwa sekunde kumi na tano!

Cheti ninacho. Kengele ninayo. Asali alinikumbatia pale pale, macho mekundu. Maskini, kushindwa kunauma.

Ijumaa, 21 Machi

Asubuhi Mama Magodoro akaniita ofisini. Nikaingia nimevaa tai, na kengele mfukoni. Akanikaribisha kiti. Akasema hajawahi kusikia hotuba kama ile.

“Nilikuja pale nimeshaamua nikupe wewe,” akasema. “Umenishawishi.”

Nikamshukuru sana. Nikampa mkono. Nikatoka nikitabasamu, nikamsalimu kila mtu, nikafika mpaka kwenye vitanda vya maonyesho ndipo nikaelewa. Nikakaa kwenye godoro la futi tano kwa sita. Nikalala. Mteja mmoja akauliza kama hilo linauzwa.

Jioni mke wangu aliniwekea chakula mapema, bila kuombwa. Akasema tangu nimuoe hajawahi kuona fahari kama aliyoiona jana mlangoni. Nikamwambia fahari haina ofisi. Akaitoa ile kengele mfukoni mwangu, akaiweka juu ya kabati mahali pa kuonekana.

Jumatatu, 24 Machi

Nimetafakari mwisho wa wiki nzima na nimepata funzo. Tatizo si wivu. Tatizo ni kwamba hoja zangu ni kali mno. Silaha nzuri, niliielekeza kwangu mwenyewe. Siku nyingine nitalenga vizuri.

Na siku nyingine imefika mapema. Asali, msimamizi mpya, ametangaza kwamba anahitaji msaidizi. Tumebaki wawili: mimi na dereva wa pikapu. Dereva! Leo tu wateja watatu wamesifu kicheko chake. Mmoja alisema kinampunguzia mawazo. Mimi nacheka miaka yote na hakuna aliyewahi kupona.

Saa nne asubuhi nilitumbukiza barua kwenye sanduku la maoni. Safari hii nimetumia akili: nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Hakuna kuku humo. Nimeweka mbuzi.

Saa kumi Asali akaja kunitafuta stoo. Ufunguo wa sanduku sasa anao yeye. Barua ilikuwa mkononi mwake, imekunjwa taratibu. Akaniambia kwa ile sauti yake kwamba Mwalimu anaanza darasa jipya kesho jioni na anahitaji barua ya kufanyia mazoezi. Akaniomba nikawasomee mimi mwenyewe pale kijukwaani, kwa kuwa mwandiko ule, akasema, mimi nimeuzoea.

Wafanyakazi wote wale, nimechaguliwa mimi! Nimekubali papo hapo. Nimenyoosha shati, na mke wangu nimemwomba anirudishie kengele yangu, maana Mwalimu huenda amesahau yake. Amenikabidhi. Dereva atanikoma.