Dume la Sindato Lenye Sura Yangu

Leo nimeaibika mnadani Handeni. Tena kwa mkono wangu mwenyewe!

Mnajua nina tovuti ya kuuzia ng'ombe. (Darasa la nne, ndiyo. Nyie wenye digrii mnayo?) Kila dume lina ukurasa wake, ila anwani zilikuwa mbovu: alama za kuuliza, namba, matakataka. Nikataka kila anwani iishie na jina la dume tu, basi.

Nikaambiwa kwenye seva kuna kitu cha kugeuza anwani, kimezimwa. Asubuhi nikakiwasha mwenyewe. Kanuni yake nikaiandika mwenyewe. Nikafungua ukurasa wa mwanzo: picha yangu hii hapa, koti na kofia. Safi! Nikafunga kompyuta, huyoo mnadani.

Sindato, mfugaji, alikuwa ananisubiri. Dume lake liko porini, hataki kulitembeza bure mpaka apatikane mnunuzi. Kanipa leo tu. Nikishindwa, anahamia kwa dalali mwingine. Nikamletea Mama Mwanaidi, mwenye bucha Korogwe.

"Mama, fungua tovuti yangu kwenye simu, mwisho wa anwani andika dume-la-sindato ujionee."

Akaandika. Akatazama simu. Akanitazama mimi.

"Mzee, hili ndilo dume lenyewe?"

"Ndilo! Tazama kifua hicho!" (Mdomo wangu huu.)

"Mbona limezeeka?"

"Limezeeka wapi? Meno yote linayo!"

"Silitaki. Nyama itakuwa ngumu."

Sindato akaikwapua simu. Nilidhani kapandwa na hasira, kumbe anacheka mpaka anashikilia fimbo yake asianguke. Wenzake wakaja na simu zao, kila mmoja akatafuta dume lake. Jeusi, jekundu, la madoa. Yote yalikuwa mimi, nimevaa koti!

Nikampigia fundi wa seva, binti mmoja yuko Tanga.

"Shikamoo mzee. Kuwasha umewasha vizuri. Ila kanuni yako inapeleka kila anwani kwenye ukurasa wa mwanzo." (Anajikaza asicheke, namsikia.)

Akairekebisha hapo hapo. Mama Mwanaidi akafungua tena, safari hii akaona pembe.

"Haya, hili nalichukua. Lile la kofia baki nalo."

Sindato kaniongezea mengine mawili nimuuzie, kwa sharti moja: picha yangu itoke kwenye tovuti.

Ukigusa seva, fungua kurasa zote, siyo ule wenye sura yako tu. Na atakayecheka humu namtoa. Kundi ni langu.