Mawese ya Taifa kwa Hesabu ya Bidoni

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimestaafu kufundisha jiografia, lakini nchi bado inanihitaji. Kuanzia leo nakadiria mawese ya Burundi nzima. Njia ni rahisi: mawese husafiri katika bidoni, madumu yale ya plastiki ya njano. Nakaa barazani, kando ya barabara ya Minago, nahesabu. Leo: 41. Kiangazi cha kawaida.

Jumanne, 4 Juni
Bidoni 212! Baiskelini, vichwani, hata kwenye mkokoteni. Mawese yamefurika! Ziada itabidi iende Kongo, na bei itaanguka. Mke wangu Sharifa ana mapipa mawili, kayatunza tangu mavuno akingoja bei ipande. Harusi ya binti yetu Fahima imo ndani ya mapipa hayo! Nikamsihi tuuze upesi. Akasema: Baba Fahima, mawese hayaozi upesi hivyo, labda akili. Mtaalamu habishani.

Jumatano, 5 Juni
Bidoni 380. Sharifa alipotoka na zake mbili (sikuzihesabu, ni za nyumbani), nikamuuzia pipa moja jirani yetu Hamidu, mpika sabuni. Kwa bei ya kutupa, lakini kesho ingekuwa mbaya zaidi. Hamidu alinishika mkono mara mbili. Murakoze, asante sana, Mwalimu, akasema, wasomi kama wewe wamebaki wachache. Mtu mwenye adabu.

Alhamisi, 6 Juni
Sharifa kakuta pipa moja. Kisha kaniuliza nimeoga lini. Nikasema utafiti hauniachi. Ndipo akanieleza, kwa sauti iliyofika msikitini, kwamba bomba la mtaa limekauka tangu Jumanne na watu wote wanachota maji ziwani. Kwa bidoni. Za njano. Hata Hamidu!
Kasoro ndogo ya takwimu.
Pipa la pili limehamia kwa dada yake.

Jumamosi, 8 Juni
Bomba linatoa maji. Mtaa mzima unashangilia. Mimi niko kazini.
Tangu alfajiri, bidoni tatu. Kutoka 380 hadi tatu! Mawese yamekwisha nchini! Nikakimbia kwa Hamidu kulikomboa pipa letu kabla hajagundua. Akakuna kichwa, akasema haliuzi, ila kwa heshima ya Mwalimu atakubali mara mbili ya bei yake, na baiskeli yangu juu. Nikakubali mbio, asije akabadili nia.
Pipa liko uani. Sharifa anarudi jioni.
Nakadiria atafurahi sana.