Chakula cha Amani Kilivyopimwa kwa Rula

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe. Mashahidi wote walikuwa na tonge mkononi.

Mnajua nasoma. (Ndiyo, mimi niliyeishia la tatu, nikabeba barafu mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, mpaka nikajenga nyumba mtaa wa Pasiansi. Nasoma!) Kila Jumamosi tunakutana ukumbi wa kata, somo ni Mazingira na Jamii. Darasa lenyewe ni vita. Wavuvi wanasema ng'ombe wanakanyaga mazalia ya samaki kwenye matete. Wafugaji wanasema wavuvi wamemaliza ziwa wenyewe, wasitafute wa kumsingizia. Sisi wauza samaki tunakaa katikati tukiwashauri wote. (Hatujaombwa.)

Leo ilikuwa siku ya kuchagua mwenyekiti, atakayetusemea mbele ya wakubwa wa wilaya. Kiti hicho nilikitaka. Nani mwingine anafaa?

Asubuhi nikaanza kampeni. Nikamnyooshea kidole Majura, mvuvi wa Ukerewe.

"Ninyi ndio mnavua watoto wa samaki! Hamna aibu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hamna aibu?"

Mwalimu wetu, binti wa Kihaya, mpole kweli, akatuonyesha ubao wa kupimia samaki. Una rula na mstari mwekundu. Asiyefika mstari ni mtoto, havuliwi wala hauzwi. Nilipiga makofi kuliko wote.

Saa saba nikasimama. "Chakula cha leo ni changu!" Mke wangu akaingia na ugali na sato wa kukaanga. Hapo nilikuwa nimetumia akili. Watu hawa ukiwakatia samaki mkubwa vipande, mmoja atapata kichwa, mwingine mkia, na wa mkia atasema umemdharau yeye na ukoo wake. Kwa hiyo kila mtu nilimpa samaki mzima, na kichwa chake, wote sawasawa. Niliwachagua mwenyewe, wale wanaoenea vizuri kwenye sahani.

Mnaona ninakoelekea? Mimi sikuona.

Majura akamtazama samaki wake. Akanyanyuka naye. Akamlaza kwenye ubao.

Akainama, akasoma rula.

"Mzee, huyu mstari anausikia tu kwa watu."

"Akikaangwa anasinyaa!" nikasema haraka. (Nilijisifu moyoni kwa hilo.)

Mwalimu akainamisha kichwa kwa heshima. "Ni kweli, mzee, anasinyaa. Ila wale wabichi ulionizawadia asubuhi bado wako kwenye ndoo."

Mungu wangu! Ndoo ikaletwa. Akapima wa kwanza. Akapima wa pili. Alipomshika wa tatu nikamwambia, "Basi, mwanangu, inatosha."

Mama Minza, mfugaji wa Mkolani ambaye tangu tuanze hajakubaliana na mvuvi hata kuhusu mvua, alicheka mpaka kilemba kikadondoka.

"Baba! Hawa si walikuwa bado wananyonya?"

"Samaki hanyonyi!" nikafoka. (Hoja pekee niliyoshinda leo.)

Ikaja kura. Majura akampendekeza Mama Minza. Mvuvi, anampendekeza mfugaji! Mikono ikapaa pande zote mbili, wavuvi na wafugaji pamoja, mara ya kwanza tangu darasa lianze. Lilipotajwa jina langu ukanyanyuka mkono mmoja. Niliutambua. Ulikuwa umevaa saa yangu.

Mwenyekiti mpya akanishukuru hadharani kwa kuwapatanisha. Kisha akanipa kazi: Jumamosi ijayo nisimame mbele ya darasa nieleze kwa nini wauza samaki wananunua watoto. Nimekubali. Ningekataaje, nikiwa nimeshika sahani ya ushahidi?

Sahani zenyewe zimerudi nyumbani na miiba mitupu. Wote waliowahurumia wale watoto waliwamaliza mpaka macho. Kwa hiyo humu kwenye kundi naomba asicheke mtu. Hasa wewe uliyekuwepo ukaomba samaki wa pili.