Kamera Isiyojua Kungoja

Raila,
Kibera.
Septemba 1999

Kwa Mwalimu Magdaline Mutheu,
Darasa la Picha, Kituo cha Vijana,
Kawangware.

Mwalimu mpendwa,

YAH: KAMERA ULIYONIAZIMA

Natumaini kikohozi kimekuacha, na kwamba huko kwenu stima haipotei tena katikati ya somo. Mimi mwili uko sawa. Roho ndiyo inayonisumbua, na chanzo chake ni kamera.

Utanikumbuka. Mimi ni Maurice Shiundu, yule mkubwa kuliko wote darasani, mpiga picha wa hapa mtaani Raila kwa miaka mingi, niliyezoea filamu. Uliniambia dunia inahama, ukaniazima hii kamera inayomeza diski ya kompyuta ili nijizoeze nyumbani. Nilikushukuru mbele ya watu. Leo naomba kwa heshima uje uichukue Jumamosi, na nitakupa sababu moja moja ili usidhani nimekosa adabu.

1. Kamera hii haina subira. Nikibonyeza tu, picha inajitokeza kwenye kidirisha cha nyuma, mteja akiwa bado amesimama kifua nje. Zamani nilikuwa nampiga mtu, nangoja filamu iishe, naipeleka mjini kuoshwa, na yeye anakaa wiki nzima bila kujua ametokaje. Mwalimu, ile wiki ilikuwa dawa. Osewe, fundi seremala jirani yangu, akishapigwa picha alikuwa anatembea Raila yote akisalimia hata watu waliomkosea, kwa sababu moyoni alijua ametoka kijana. Juzi amejiona papo hapo, akaniuliza, "Haya masikio ni ya nani?" Nikamwambia ni yake. Akaenda kumuuliza mkewe, mkewe akasema ni yake na yamekuwa hivyo tangu harusi. Sasa hawaongei.

2. Hakuna tena wa kulaumiwa. Mteja akitoka amefumba macho, nilikuwa nasema ni wale wa kuosha picha mjini, anawalaani, tunaagana vizuri. Watu wale hakuna aliyewahi kuwaona huku. Siku hizi mteja analiona kosa likiwa bado moto, na mwenye kosa amesimama mbele yake na kamera shingoni.

3. Ulitufundisha tusogee karibu, tujaze picha kwa uso, eti macho ndiyo yanayoongea. Nikatii. Nikampiga Ouma, ambaye alikuwa ameazima viatu vya kakake ili mama yake kule Siaya aone mtoto anaendelea vizuri mjini. Uso ulitoka safi, hata wewe ungenipa alama. Ouma akatafuta viatu. Akaigeuza kamera juu chini, akaichungulia kwa chini. "Wee Shiundu, miguu yangu umeiweka wapi? Mathe akiona hivi atajua niligongwa na gari." Nikajaribu kumweleza habari ya macho kuongea. Akaniambia macho anayo kila siku, viatu vinarudi kwa mwenyewe saa kumi.

4. Ulisema tupige nyingi, tufute mbaya, kwani hakuna kinachopotea. Nilifuta picha moja ya Dada Risper wa kwaya akiwa ananitazama. Aliona sura yake ikienda. Akauliza imeenda wapi, na mimi, kwa kuwa hukutufundisha zinakoenda, nikasema sijui. Tangu siku hiyo anasema hajisikii vizuri, ingawa mafua alikuwa nayo hata kabla, na Jumapili kwaya ilinipa nafasi ya kutubu.

5. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Hayo mengine nilikuwa nasafisha koo.

Kuna dada anaitwa Jael Amolo, anashona sare za shule karibu na Nyayo Highrise. Mwezi wa nne nilimpiga picha kwa filamu. Unajua filamu haiendi kuoshwa mpaka iishe yote, na mvua ilikuwa imeanza, hakuna aliyetaka kupigwa picha na matope. Basi kila jioni akitoka kazini Jael alipitia kwangu kuuliza, "Niaje Shiundu, filamu imeisha?" Nami nikamjibu kwa ukweli kabisa kwamba bado. Tukaongea kidogo. Kesho yake tukaongea zaidi. Filamu ile ilidumu mpaka mwezi wa sita, na sijawahi kufurahia biashara mbaya namna ile. Nilijua akicheka anafunika mdomo. Nilijua hapendi chai ya maziwa mengi. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia, na niliona sina haraka, maana filamu nyingine ningeipata.

Alhamisi iliyopita akaja na gauni jipya. Nikampiga kwa kamera yako. Akaangalia kidirisha, akasema, "Iko poa," akashukuru, akaenda zake. Yote hayo yaliisha kabla chai yangu haijapoa. Sasa, mwalimu, niambie, mtu aliyeshaona picha yake arudi kwa mpiga picha kufanya nini? Jioni nasimama mlangoni nikijifanya napanguza kioo. Nampenda yule dada, na kamera yako imetukatia mazungumzo.

Kwa hivyo naomba uwaandikie waliotengeneza kamera hii, kwa Kiingereza chako kizuri, waitie kufuli ili picha isionekane kabla ya wiki moja. Kwa wateja fulani, ambao mpiga picha atawachagua mwenyewe, iwe miezi miwili. Wakikataa, kidirisha kipakwe rangi nyeusi. Mimi nilikibandika plasta, Osewe akaibandua kwa patasi. Rangi nayo ikishindwa, basi lifunge darasa, vijana wote warudi kwenye filamu, na serikali ipige marufuku mtu kuona uso wake siku ile ile aliyopigwa picha. Habari ya vioo tutaijadili baadaye.

Nimeifunga kamera kwa taulo, iko tayari. Nisalimie darasa lote, na Nderitu anayebeba kompyuta, na mama yako hapo Riruta. Mwambie chapati zake bado zinazungumzwa huku kwetu.

Nabaki kwa heshima, na kwa majonzi kiasi, mwanafunzi wako,

Maurice Shiundu

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado haijatiwa gundi Jael alipoingia. Kumbe picha yake haina pengine pa kuonekana huku kwetu. Mashine ya kuchapa ni ile moja yenu, nawe ulituambia imeishiwa wino, kwa hivyo picha imo ndani ya kamera, na kamera iko kwangu. Akaomba aione tena. Nikafungua taulo. Kesho yake akaja kuiona tena, na tangu hapo hajakosa jioni hata moja. Basi nakusihi usije Jumamosi hii, wala ile inayofuata, na wino usinunuliwe kwa haraka. Osewe atayazoea masikio yake. Jana betri ilikufa kabla Jael hajafika. Nikamweleza ukweli, kwamba picha haitaonekana. Akasema sawa, akavuta stuli, akaketi.