Kamati ya Neno Mahiri

Kwa niaba ya wajumbe wote waliobaki, nina fahari kutangaza mafanikio ya Kamati ya Taifa ya Maana na Asili ya Neno Mahiri, iliyoundwa Kampala enzi za serikali ya kijeshi. Mimi nilikuwa katibu. Nilikuwa na miwani.

Kamati iliundwa kwa sababu nzito. Shemeji yake Meja Umar alikuwa amekabidhiwa kiwanda cha sabuni, na tangu siku hiyo sabuni ikawa inachafua nguo. Sheikh Hamdun wa Kibuli akasema sokoni, mbele za watu, "Yule bwana si mahiri." Akakamatwa. Lakini serikali yetu ilikuwa ya haki. Haikutaka kumpeleka gerezani Makindye, ambako watu walikuwa wakilala moja kwa moja, kabla ya kujua neno lenyewe lina maana gani.

Mwenyekiti alikuwa Meja mwenyewe. Mke wa sheikh, Bi Kulthum, alikuwa nje ya mlango, ameshaanza kulia asije akachelewa.

"Wewe sheikh," Meja akafoka, "neno hiyo natoka wapi?"

"Uarabuni, afande. Watu wa zamani walipenda kumwita hivyo mwogeleaji hodari."

"Mwogeleaji?"

"Naam. Nilisema tu shemeji yako hajui kuogelea. Hilo nalo ni tusi?"

Meja akacheka mpaka mkanda ukalegea. "Huyo? Hata bafu naogopa!"

Tukapitisha kwa kauli moja: mahiri ni mtu anayejua kuogelea, basi. Sheikh akaachiwa. Redio ikaitangaza maana hiyo, na kwa mazoea yake ikaongeza kwamba maafisa wote wa jeshi ni mahiri.

Brigedia, mkuu wa Meja, akaisikia redio. Akafurahi mno. Akaalika mabalozi waje ziwani, gatini Port Bell, kuushuhudia umahiri wa jeshi kwa macho yao, na akaamuru mwenyekiti wa kamati awe wa kwanza kuuonyesha.

Basi Meja akasimama ukingoni, nishani zote kifuani, bendi nyuma yake. Ziwa lilikuwa na maji mengi, bila mzaha. Akamsogelea sheikh, aliyeletwa kama mtaalamu wa lugha, akanong'ona:

"Mzee wangu, hapana iko maana ingine?"

"Iko, afande. Mtu anayeijua kazi aliyopewa."

Meja akaitafakari maana hiyo kwa makini. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.